Jina la Mashine ya Nne

Siku daktari mpya alipotuambia kwamba mashine zetu zitapewa majina, nilikuwa nimesimama tangu saa moja asubuhi na miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikanibana. Nilimsikiliza kwa adabu. Nimefanya kazi katika maabara ile ya damu, upande wa Makadara, kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo nimewaona wakubwa wakija na mambo mengi. Mmoja alipaka kuta rangi ya kijani ili wagonjwa watulie. Mwingine alitaka tufanye mazoezi ya viungo kila Jumatatu kabla ya kufungua, na mimi na buibui langu nikaambiwa niruke. Yote yalikuja yakapita. Nikadhani na hili litapita, niende zangu nyumbani Mji wa Kale nikaloweke miguu kwa maji ya chumvi.

Daktari mwenyewe nampenda, nisimsingizie. Ni mwanamke wa bara, Mkristo, rika la mwanangu wa kwanza, na alipofika kwetu alijifunza kuamkia watu kabla ya kuuliza majibu ya vipimo yako wapi. Hilo si dogo. Alituambia kwamba kule alikosomea, kila mashine ilikuwa na jina la mwanamke aliyetangulia katika jenetiki, ile elimu ya mambo tunayoyarithi kwa wazazi wetu, na kwamba wao wanafunzi waliyataja majina yale kila siku kama wanavyotaja ya shangazi zao. Sisi tulikuwa tumeletewa mashine nne za kupima damu ya watoto wachanga, ijulikane mapema nani amezaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe za damu. Tatu alikuwa ameshazitafutia majina na kuyachapisha kwenye vibandiko vyeupe, herufi nyeusi, jina moja moja.

Majina ya wale watatu sitayaandika. Yamo vitabuni, anayeyataka atayapata. Mmoja alikaa na mahindi maisha yake yote, akaona kwamba vipande vya urithi huweza kuhama kutoka mahali kwenda mahali, na wenzake wakamwona amepotea, mpaka alipozeeka ndipo wakarudi kumsikiliza. Wa pili alipiga picha kwa miale, picha iliyofichua umbo la kile kitu tunachorithi; wanaume wakaonyeshwa picha hiyo bila yeye kujua, na sifa ikaenda kwao. Wa tatu alichunguza wadudu akagundua kwamba mtoto kuwa wa kike au wa kiume kunatokana na mbegu ya baba. Huyo wa tatu nilimpenda papo hapo. Nina binamu aliyeachwa kwa kuzaa wasichana wanne mfululizo, na laiti ningeweza, kibandiko kile ningekibandika mlangoni kwa yule mume.

Haikupita wiki, majina yenyewe yakatushinda kutamka. Mashine zikawa Bi Mahindi, Bi Picha na Bi Mabinti. "Bi Picha amekwama tena," mtu atapiga kelele, nami nitaenda kumkwamua. Katikati ya hayo glavu zikatuishia. Nikamwambia daktari kwamba naona mashine zina majina lakini mikono haina cha kuvaa. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaenda kupiga simu. Glavu zikaja baada ya siku tatu. Nasema hili ili ijulikane kwamba alikuwa mtu wa kusikia.

Mashine ya nne ilibaki bila jina. Ndiyo ndogo kuliko zote, imewekwa dirishani, na ndiyo inayotoa jibu la mwisho. Daktari alisema hiyo anataka ipewe jina la mwanamke wa hapa hapa. Akatutazama mmoja mmoja. Kila mtu akachungulia kikombe chake cha chai, na mimi ambaye sikutaka hata kuwemo katika mazungumzo yale nikasikia sauti yangu inasema, "Yupo."

Nitamwita Mama Fulani. Kwetu, mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe huwekwa kando, akaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mahali pa jina la mtoto huyo ndipo ninapoweka Fulani. Hatuoni ajabu. Hata kadi za harusi, nyumba nyingi haziandiki jina la bibi harusi. Wakisema "binti yetu" imetosha. Mimi mwenyewe wauza mboga wanaonijua tangu ujana hawalijui jina langu, na sijawahi kusikitika kwa hilo.

Mama Fulani ndiye aliyenifunza kazi. Hakuwa na shahada. Aliingia maabara kufagia, akaishia kutoa damu, na hakuna mtu aliyeuona mshipa wa mtoto mnene haraka kama yeye. Lakini kazi yake hasa ilikuwa nje. Kila Alhamisi mchana alijitanda buibui lake, akachukua daftari, akaingia vichochoroni nyumba baada ya nyumba, Bondeni, Kibokoni, mpaka kule nyuma ya sokoni, akiuliza nani kazaa na nani, nani kazikwa mdogo, na aliumwa na nini. Nilifuatana naye miaka kumi na mmoja. Wazee wa nyumba kubwa walikuwa na nasaba zao zimeandikwa vizuri, baba, na baba yake, na babu yake, mpaka huko Uarabuni walikotoka, na ndani yake hamna mwanamke hata mmoja. Mama Fulani alizisoma akitikisa kichwa. "Wanaume watupu," aliniambia tulipotoka katika nyumba moja, "kwani hawa waliokotwa ufuoni?"

Damu haiwezi kufuatwa kwa akina baba peke yao. Basi yeye akapita mlango wa nyuma, jikoni, kwa wanawake. Huko ndiko alikopewa yaliyokosekana. Walimwambia mambo ambayo waume zao hawakuambiwa, kwa ahadi kwamba majina hayatatoka. Hayakutoka. Katika daftari mwanamume alikuwa mraba, mwanamke duara, na ndani ya kila duara nambari. Aliyeumwa alipakwa wino. Madaftari yalifika kumi na tisa. Wakaja mabwana wawili wasomi, mmoja baada ya mwingine, wakayachukua, wakayarudisha, wakaandika waliyoandika. Mwishoni mwa maandishi yao walishukuru "wafanyakazi wa maabara". Nilipomsomea mstari ule Mama Fulani alisema ameshukuriwa, ahsante, akaniambia nisafishe slaidi za hadubini. Mimi hasira ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo daktari alipouliza, nilitaka. Nilitaka kwa namna ambayo ilinishangaza, maana kwa miaka hii ya mwisho nilikuwa sitaki kitu ila kukaa chini. Mwisho wa mwaka nastaafu. Mama Fulani ana miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu, na kila nikimwona amepungua. Sisi wawili tukiondoka hatabaki mtu pale ndani anayejua kwamba alikuwepo. Nilitaka kabla sijakabidhi ufunguo wa kabati langu, jina lake liwe limebandikwa mahali ambapo mtu atalisoma. Karamu ya kuagwa wangeweza kula wao.

Daktari aliniuliza anaitwa nani. Nikamwambia Mama Fulani. Akaenda mwenyewe stoo akafukua vitabu vya zamani vya kupokelea damu, akarudi na vumbi puani na furaha usoni: amemwona, kila ukurasa ametia sahihi, "M. Fulani". Wiki ya pili yake kibandiko kikaja kutoka kwa wachapaji. Kilikuwa na neno moja, kama vile vingine: Fulani.

Nilikishika nikakisoma, na machozi yakanilenga. Sikuona kosa. Daktari hakuweza kujua. Kwao herufi ya mbele ni ya jina la mtu, na linalofuata ni la ukoo, na vibandiko vyote alivichapisha kwa hilo la ukoo. Lakini mimi nimezaliwa humu. Nilijua kwamba M ile ni ya Mama, na kwamba Fulani ni mtoto. Nilijua kama ninavyoijua njia ya msalani kwangu, na kwa kujua huko sikufikiri. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimelitamka jina lile kumwita yeye, likawa ndilo yeye.

Jumamosi asubuhi nikakitia kibandiko ndani ya bahasha, nikanunua mahamri, nikaenda Bondeni. Mama Fulani anakaa na mwanawe wa kiume, mtoto wake wa pili. Mkaza mwanawe akanipandisha ngazi. Mwenyewe nilimkuta kitandani kwake karibu na dirisha, ameegemea mito, ukaya wake, ule mtandio wa kichwani, mweupe kama kawaida.

"Sabalkheri, Mama Fulani."

"Sabalkheri. Nani huyo? Ah, ni weye. Ndoo ukae. Miguu yaonaje?"

"Alhamdulillahi, tuko nayo."

Nikamwambia habari yote: mashine mpya, wanawake wale watatu, mpango wa daktari, na kwamba ile ya nne imepewa yeye. Alisikiliza huku anatafuna hamri polepole. Nikamtilia kibandiko mkononi. Akakipapasa, akakisogeza puani, akanirudishia.

"Sioni mimi. Nisomee."

Nikakisoma kwa sauti kubwa, maana na masikio yake si ya zamani. Neno moja tu.

Mkaza mwanawe alikuwa anamimina kahawa, mkono ukasimama. Mama Fulani aliacha kutafuna.

"Mbona wamwita?" akaniuliza.

"Namwita nani?"

"Mwanangu."

Hapo ndipo nilipoliona kosa, lote kwa pamoja, na jasho likanitoka. Na kwa kuwa mtu akishababaika hana akili, nikaongeza jingine. Siku zote nilikuwa najua kwamba Fulani ni binti, kifungua mimba, na kwa kuwa sikuwahi kumwona nilidhani ameolewa Maskati. Mjini kwetu kila mtu asiyeonekana huwa yuko Maskati au Jeddah. Basi nikauliza, kwa uchangamfu kabisa, ili kuokoa mambo, "Na yeye yuko wapi siku hizi?"

Mkaza mwanawe akanitazama kama nimemwaga maji ya moto kitandani.

"Yuko Kikowani," akasema Mama Fulani. Kikowani ni makaburini. "Alikuwa na miaka saba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono, akasema, bila kulia, macho yake ya ukungu yameelekea dirishani.

"Akiamka asubuhi hunambia, mama, miguu yaniuma. Nikimtuma hapo dukani, hapo tu, akawia. Nikitoka kumwandama namkuta amekaa kwenye baraza za watu. Yuwapumzika. Mtoto wa miaka sita yuwapumzika! Nikimwambia mvivu. Mara moya nalimpiga. Watu wakasema jini, wengine wakasema husuda. Tukamsomea, tukamvisha hirizi. Akafa na siyui amekufa na nini. Nalipopata kazi ya kufagia pale kwenu, mwaka wa tatu baada yake, daktari wa wakati ule akaniita nitazame kwenye hadubini, akinifanyia mzaha tu. Nikaziona zile damu zimepinda. Akasema huyu mtoto mwenye damu hii yuwaumwa mifupa, yuwachoka haraka. Nikashika ukuta."

Akaomba maji, akanywa.

"Ndipo nikaanza kuuliza majumbani," akasema. "Hukuwahi kuniuliza kwa nini."

Ni kweli, sikuwahi. Na hili ndilo linaloniuma hata sasa ninapoandika. Daftari la kwanza nililinakili mimi kwa mkono wangu, karatasi zilipoanza kuliwa na wadudu. Familia namba moja, ukurasa wa kwanza: mraba na duara, chini yao duara moja na mraba mmoja. Duara lile lilipakwa wino mpaka karatasi ilikuwa imetoboka. Nililichora upya, nikalipaka, nikafunua ukurasa. Nikawa namwita Mama Fulani asubuhi, adhuhuri na alasiri, na Fulani mwenyewe sikujali kujua ni nani.

Nikamwambia nitakirudisha kibandiko. Kitachapwa kingine, na mara hii kitakuwa na jina lake hasa. Kisha ikanibidi nimuulize, na aibu ikanirudia upya: "Jina lako ni nani, mama?"

Akacheka, kicheko kile kikavu nilichokijua kazini. "La nini? Wataka kunioza?"

"Uandikwe. Wewe ndiye uliyefanya kazi. Wale mabwana wawili waliichukua ikawa yao, wakaandika vyao, hata kukutaja hawakukutaja. Mimi nimechoka kuona hivyo."

"Umechoka weye. Mimi sikuchoka na hilo." Akanishika mkono. "Sikiza. Mimi nimeitwa. Mji mzima umeniita, mpaka watoto wa barabarani. Mkisema Mama Fulani mwanitaka mimi, naitika. Yeye tangu siku ile hakuna aliyemwita. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia ina lake latajwa peke yake. Hata mimi sikulitaja, mdomo wanikataa. Hiyo mashine yafanya nini?"

Nikamweleza. Mtoto akizaliwa anachomwa kisigino, tone moja la damu linafyonzwa na karatasi, karatasi inaletwa kwetu, na mashine ile ya dirishani inasema kama anao ugonjwa au hana, kabla hajaumwa hata siku moja, ili mama yake aambiwe na mtoto aanzishiwe dawa.

"Basi mwachieni," akasema.

Nilikasirika. Sitajifanya kwamba niliguswa nikakubali. Nilishuka zile ngazi nina hasira naye, hasira na mimi, na miguu inawaka. Nilikwenda kumtafutia heshima yake naye akaigawa pale pale, mbele ya macho yangu, kama mtu anayegawa hamri. Nilipita Makadara katikati ya wauza mitumba na tuktuk, watu wananisalimu, nami sijibu.

Jumatatu nikamweleza daktari. Aliziba mdomo kwa kiganja. Alisema kosa ni lake, atalirekebisha siku hiyo hiyo. Nikamwambia mwenyewe hataki lirekebishwe. Akasema, kwa upole, kwamba anaelewa, lakini nia ilikuwa wanawake waliotangulia katika elimu hii, na mtoto yule, Mungu amrehemu, hakugundua chochote. Nilikuwa nimemtetea mtu kinyume na matakwa yangu tangu asubuhi, na sikuwa na nguvu ya hoja. Nikasema tu, "Daktari, bila yeye yule mama angefagia mpaka akastaafu."  Kisha akauliza kama tunaweza kuweka maelezo madogo chini ya jina. Nikamwambia hapana, Mama Fulani aliahidi majina hayatatoka, na maelezo ni yake yeye kutoa. Daktari akakitoa kile kibandiko katika bahasha niliyomrudishia, akaenda dirishani, akakibandua kutoka kwenye karatasi yake, akakibandika mwenyewe, akakilaza kwa kidole gumba mpaka kona zote nne zikakaa.

Tangu hapo ni kazi za kila siku. Vijana wa zamu ya asubuhi wakifungua mlango utawasikia: Fulani ameamka? Fulani anataka maji. Nani kamwacha Fulani wazi? Wale wengine watatu wamebaki na lakabu zao, lakini la kwake ni jina la hapa, linatamkika, wanalisema lote. Hawajui ni la nani. Wanadhani ni msomi fulani wa zamani, na wawili kati yao wamewahi kunieleza mimi, kwa uhakika kabisa, kwamba alisomea ng'ambo.

Jumamosi naenda Bondeni. Ananiuliza mambo machache siku hizi, usingizi unamchukua katikati ya sentensi, na nina hakika kwamba sitamkuta siku moja na kwamba siku hiyo haiko mbali. Lakini hilo moja hasahau: Fulani amefanya nini wiki hii? Namwambia. Juzi nilimwambia ilikuwa wiki nzito, hospitali tatu zilileta karatasi zao pamoja, na Fulani alipima watoto wote wale mwenyewe, na wanne amewaona mapema, mama zao wameitwa.

"Hakuchoka?" akaniuliza.

Kwa kweli Alhamisi joto lilikuwa kali, na mashine tuliizima mara mbili ikapoa. Nikamwambia hakuchoka.